Mnyapara Aliyetugawia Mchana

Kila asubuhi, tukishamwamkia naye akishaitika marahaba yake nzito, Mnyapara alikuwa na swali moja: "Jana mchana ulifanya nini?"

Hakuuliza umelalaje, wala watoto hawajambo, wala kwenu mvua imenyesha. Aliuliza jana mchana, akangoja jibu huku ameegemea ufito wake wa kupimia. Ukimwambia ulikwenda kumtazama mgonjwa, au ulimsuka mwanao, au ulilala fofofo mpaka alasiri ikakupita, alicheka na kusema, "Vyema." Ukimwambia ulikwenda kutafuta kibarua kingine, alinyamaza, akakuonyesha kazi yako kwa kidole, na siku hiyo hukuisikia tena sauti yake.

Miaka ile nilikuwa kibarua katika shamba la mananasi nje ya mji wa Bagamoyo, njia ya kwendea Msata. Mwenye shamba alikaa Dar es Salaam, na sisi tulimwona kwa nadra kuliko mwezi mwandamo. Aliyetusimamia kwenye palizi alikuwa Mnyapara. Jina lake nalijua, lakini hakuna aliyelitumia. Hata mkewe, nilikuja kugundua baadaye, alimwita Mnyapara alipotaka kumchokoza.

Nitasema mapema kwa nini namwandika, ili msomaji asihangaike. Mtu huyu alinipa michana ya mama yangu. Mama alipatwa na kiharusi mwaka ule ule nilioanza kibarua. Mkono wa kulia ukafa, na maneno yakawa yanatoka nusu. Nyumbani tulikuwa wawili tu. Asubuhi jirani yetu alikaa naye, mwanamke mwenye imani asiyetaka hata kushukuriwa, lakini ikiadhiniwa adhuhuri ilimbidi aondoke akakaange mihogo yake ya kuuza. Kuanzia hapo mama alikuwa wangu. Nikichelewa, alikaa peke yake. Akikaa peke yake, alijaribu kusimama. Na akijaribu kusimama, alianguka. Kwa hiyo kila siku pale shambani nilikuwa nashindana na adhana.

Kilichoniwezesha kushinda ni ngwe. Ngwe ni kile kipande cha shamba anachopimiwa mtu kwa siku. Ukikimaliza, umemaliza. Jua liwe limefika popote, unaweka jembe begani unakwenda zako, na hakuna wa kukuuliza. Ni utaratibu wa zamani, na wapo wanaouona wa kizamani. Mimi nauona wa kiungwana.

Kupima ngwe ni kazi ya kugombanisha watu. Mnyapara alipima kabla hatujafika. Trekta lilipotushusha kutoka kwenye tela lake, umande ungali juu ya majani, tulimkuta ameshachomeka vijiti vyake na suruali imelowa mpaka magotini. Ngwe zake hazikuwa sawa, wala hakuficha. Mjamzito alipewa penye mchanga. Mwenye mgongo mbovu alipewa palipopaliliwa juzijuzi. Kijana mwenye kifua alipewa kando ya kichaka, penye magugu ya ndago ambayo mizizi yake huishia kuzimu, na akilalamika aliambiwa, "Aliyekupa mikono hiyo ni Mungu. Kamshitaki yeye." Mimi alinipa upande wa bondeni, ambako udongo ni laini na ni karibu na njia ya trekta. Sikumwambia habari za mama. Nadhani aliniona ninavyotupia jua jicho kila baada ya tuta moja.

Kulikuwa na wanawake wawili waliokuwa hawasalimiani kwa sababu ya kuku. Aliwapa ngwe za ubavu kwa ubavu kila siku ya Mungu, mpaka wakachoka kununa. Mmoja wao alimwambia, "Mzee, unatutesa." Akamjibu, "Nyinyi mmeanza wenyewe, mimi nawapimia tu."

Msidhani alikuwa mpole. Alikuwa na mdomo uliowatoa watu machozi. "Unapalilia au unayabembeleza?" alikuuliza akisimama nyuma yako, nawe hukujua kama amefika sasa hivi au amekuangalia tangu asubuhi. Mtu akipiga jembe kivivu, aliwatangazia wengine, "Huyu leo kaleta mwili tu, roho kaiacha kitandani." Ukiacha magugu katikati ya matuta na kuyafunika kwa udongo, aliyafukua kwa kidole gumba cha mguu na kukuita urudi, hata kama umeshafika kwenye tela. Nimerudishwa hivyo zaidi ya mara moja, nikitukana kimoyomoyo.

Kitu kilichowaudhi wengi zaidi ni kwamba hakumruhusu mtu kuchukua ngwe mbili. Kijana mmoja hodari, aliyekuwa akitafuta kununua pikipiki, alimaliza yake mapema na kumfuata.

"Mzee, nipe nyingine."

"Ya kesho utaipata kesho."

"Nguvu si zangu?"

"Zako."

"Na mchana si wangu?"

"Wako. Basi nenda nao nyumbani."

Yule kijana aliacha kazi wiki ile ile. Siku hizi ni bodaboda, na nikipanda pikipiki yake bado huniambia kwamba yule mzee alikuwa dikteta. Nami siwezi kusema anamwonea. Si kila mtu ana mama wa kumkimbilia. Wengine wana njaa tu, na njaa haitaki mchana, inataka ngwe ya pili. Jambo hilo Mnyapara hakulielewa, au alilielewa akakataa kulisikia, na sijamsamehe kwa niaba ya yule kijana.

Alikuwa na mambo yake mengine yasiyopatana. Alitusifia chakula cha mchana cha nyumbani, kile cha moto, kilichopakuliwa na mtu unayemjua, ilhali yeye alikula mihogo baridi aliyoifunga kwenye leso. Alitwambia kulala baada ya adhuhuri ni afya, naye macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyepuliza moto. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya shamba lile lile, hatua chache tu, lakini sisi tukiondoka tulimwacha amesimama, na asubuhi tukirudi tulimkuta amesimama. Siku moja nilipata ujasiri. Aliponiuliza swali lake, nilimjibu kwamba nilimkata mama kucha, kisha nikamgeuzia kibao: "Na wewe, Mzee, jana mchana ulifanya nini?"

Wenzangu wakageuka wote kumtazama. Akakuna kidevu, akasema, "Nilikuwa na kazi kidogo," na akaenda kumfokea mtu ambaye hakuwa amefanya kosa lolote.

Sasa nieleze nilichokuwa nikikikimbilia. Mama alikuwa msusi wa mikeka kabla ya maradhi, na kilichomuuma si kushindwa kutembea bali ule mkono. Nilipofika nilimwogesha, nikamlisha, kisha tukakaa uani na miyaa yake ya kusukia. Yeye alitumia mkono wake wa kushoto, mimi nikaweka mkono wangu wa kulia badala ya ule uliokufa, tukasuka ukili mmoja, utepe wa kushonea mkeka, kwa mikono ya watu wawili. Ukili ulikwenda upogo kama njia ya ng'ombe. Mama alicheka upande mmoja wa uso, na akinikemea kwa maneno yake ya nusu nilimwelewa kuliko alipokuwa mzima, kwa sababu zamani nilikuwa simsikilizi. Wakati mwingine hatukusuka. Tulikaa tu. Nilijua mambo ya mama yangu katika michana ile ambayo sikuwa nimeyajua katika miaka yote ya kukaa naye nyumba moja, na nilipata nafasi ya kuyajua kwa kuwa sikuwa na haraka.

Kisha akaja Meneja mpya. Alikuwa kijana mstaarabu, mwenye salamu nzuri, aliyetaka shamba lake liende kama mashamba mengine: watu waingie saa moja asubuhi, watoke saa kumi, ngwe iishe isiishe. Akaleta mashine ya kuwekea kidole. Hakujua kwamba mananasi yana miiba. Wanawake wa palizi tulivaa soksi kuukuu mikononi, na bado miiba ilipenya na kutula vidole miaka nenda rudi, mpaka alama za vidole zikafutika. Mashine ikatukataa mmoja baada ya mwingine kwa sauti ya kike. Tukaambiwa tupake mafuta. Tukapaka ya nazi, kwa ukarimu wetu wa pwani, mashine ikazama katika mafuta na kunyamaza kabisa. Meneja mwenyewe alicheka mpaka akashika mbavu.

Lakini saa zake hakuzifuta kwa kicheko. Alituita penye kivuli cha stoo akatusomea utaratibu. Nilikuwa nimesimama nyuma. Saa kumi! Kutoka adhuhuri mpaka saa kumi, na njia, mama yangu angekuwa na nani?

Nilitegemea Mnyapara atapiga kelele. Alivua kofia tu.

"Bwana Meneja, ukiwaweka mpaka saa kumi watakaa mpaka saa kumi. Kazi itakuwa hii hii. Watavuta majembe polepole ili jua lizame, maana hakuna mjinga hapa."

"Mzee wangu, mimi nami nina bosi. Akija jioni akakuta ngwe haijaisha na watu wameshaondoka, nitamwambia nini?"

"Hataikuta."

"Nikiikuta mimi?"

"Ukiikuta hata moja, waweke wote mpaka saa kumi. Na mimi nitoe."

Meneja akafikiri, akampa mkono. Tuliachana hivyo: ngwe itabaki, kwa sharti kwamba pasipatikane jioni hata tuta moja lisilopaliliwa. Siku ile tulipanda tela tukiimba. Mimi sikuimba. Nilikuwa nahesabu akilini siku ambazo ngwe yangu ilikuwa imeponea chupuchupu, nikaona kwamba mchana wa watu wote sasa umefungwa kwenye jembe la yule aliye mzito kuliko wenzake, na mzito huyo huenda ni mimi.

Ikawa kweli ni mimi. Mama alianza kuwa na siku mbaya, siku za kutolala na kutapika, na mimi nikafika shambani mikono haina nguvu. Siku ya kwanza nilipoona jua limesimama na matuta bado, Mnyapara alikuja akasimama pale kwa kawaida yake.

"Nenda," akasema. "Trekta linaondoka."

"Haijaisha, Mzee."

"Mnyapara ni wewe au mimi?"

"Ni wewe."

"Basi nikikwambia imekwisha, imekwisha. Ondoka kabla sijabadili mawazo."

Nikaondoka. Jioni yake sikula. Nilingoja kesho nikasikie tumeharibikiwa, lakini kesho ilikuwa siku kama nyingine, na upande wa bondeni ulikuwa safi kama umefagiliwa. Ikatokea tena, na tena, mpaka ikawa ni jambo la kawaida msimu ule. Nilidhani aliwapa vijana wa kumwagilia wamalizie. Sikuuliza. Mtu anayekimbizana na adhana hana muda wa maswali.

Mama alifariki mchana mmoja usio na lolote, baada ya kula, kabla ya alasiri. Nilikuwa namchana nywele na kichwa chake kiko mapajani mwangu. Nilimtamkia shahada, naye akaifuata kwa maneno yake ya nusu, na Mungu anayajua yaliyobaki. Nilipomaliza siku zangu za majonzi sikurudi shambani. Sikuwa tena na cha kukimbilia, na lile shamba lilinikumbusha mbio.

Siku hizi nasimamia chumba cha kufulia katika hoteli moja mjini. Ni ajira kamili, na sitaki kuitia doa, imenijengea nyumba. Wenye hesabu husema siku imegawanywa kwa haki: saa nane za kazi, nane za kulala, nane za kuishi. Hesabu tamu. Ila katika hizo nane za kuishi toa kungoja gari, toa sokoni, toa jikoni, toa kufua nguo zako baada ya kufua za wageni, kisha niambie umebaki na nini cha kuishi nacho. Ninao wasichana ninaowasimamia, mmoja ana mtoto mchanga, mwingine ana baba asiyeona. Shuka za siku zikiisha nawaambia waende, saa iwe imefika au haijafika. Meneja wa hoteli hajui habari hii. Nimeshaiandika, basi tena.

Ni kwa ajili ya wasichana hao nilimkumbuka Mnyapara, na baada ya Idi iliyopita nikaomba ruhusa ya siku moja nikaenda kumtafuta. Nilijilaumu njia nzima kwa kutokwenda mapema, kisha nikaacha, kwa kuwa sababu ya kutokwenda ilikuwa ni kazi, na hilo yeye angelielewa kwa urahisi. Nyumba iko pale pale nyuma ya shamba. Nilimkuta ukumbini, mguu mmoja umevimba na umewekwa juu ya kigoda, masikio yameziba. Mkewe, mama mmoja mwembamba mwenye ushungi wa rangi ya manjano, alikuwa anachambua mchicha sakafuni.

Nikampa shikamoo. Akanitazama sana.

"Wa bondeni," akasema.

Nilifurahi kupita kiasi. Nikakaa karibu na sikio lake, nikamwambia yote niliyokuja nayo: kwamba ule mchana aliokuwa akiniachia ndio niliomuuguzia mama yangu, na kwamba nimekuja kumshukuru.

"Anasemaje?" akamuuliza mkewe.

"Anasema ahsante!" mkewe akapaza sauti.

"Ya nini? Nilikuwa nalipwa mshahara." Akapungia mkono hewani kama anayefukuza nzi, akafumba macho, na haukupita muda akawa anakoroma. Hatimaye nilimwona Mnyapara amelala mchana.

Mkewe aliendelea na mchicha wake. Kisha akaniuliza bila kuinua uso, "Bondeni upande wa njia ya trekta, au upande wa mfereji?"

"Wa njia ya trekta."

"Naijua ngwe yako."

"Unaijua vipi, mama?"

"Nimeipalilia."

Sikumwelewa. Akacheka kidogo. Akanieleza kwamba mumewe, tukishaondoka sote, alikuwa akichukua jembe na kupita ngwe zote zilizobaki na viporo, moja baada ya moja, mpaka magharibi, hata kabla Meneja hajaja, na zaidi baada ya kumwekea ile ahadi. Kwa mtu mwingine hakutaka kuomba msaada. Mkewe alikaa nyumbani na chakula kimepoa, leo hivyo, kesho hivyo.

"Nikaona mume haji nyumbani, bora nimfuate aliko. Nikachukua jembe langu. Msimu mzima ule mchana wetu uliishia bondeni kwako."

"Hukukasirika?"

"Nilikasirika sana! Nilimwambia, watu unawagawia mchana, mimi mkeo unanigawia magugu. Unajua alinijibuje? Akasema, si tuko pamoja?" Akamtazama yule mzee anayekoroma, na usoni mwake nikaona hasira ile bado ipo, na kitu kingine pia kipo kando yake. "Kweli tulikuwa pamoja. Tulizungumza kule kuliko tulivyowahi kuzungumza humu ndani. Lakini mgongo huu, mwanangu, haujawahi kurudi ulivyokuwa."

Nilikosa pa kuweka macho. Miaka yote nilikuwa nimeibeba shukrani yangu kwa mtu mmoja, nikidhani michana ile ilitoka katika roho nzuri ya mzee na katika ufito wake, kumbe ilikuwa imechukuliwa kutoka kwa mwanamke ambaye sikuwahi hata kumwamkia. Nikashuka kwenye kiti nikakaa naye sakafuni. Nikamshika mkono, nikamwambia, "Ahsante, mama. Ahsante sana." Yalikuwa maneno madogo na nililia nikiyasema.

Aliuacha mkono wake mkononi mwangu.

"Mama yako alikufa?" akauliza.

"Alikufa."

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Alikuwa ameweka kichwa mapajani mwangu, namchana nywele. Ilikuwa mchana."

Akakiangalia kikapu cha mchicha. Midomo yake ilitembea, nadhani alikuwa anamsomea mama dua.

"Alhamdulillahi," akasema. "Basi mchana wetu haukupotea."

Akaniletea maji ya kunawa, akaniambia nisogee tule chakula kabla hakijapoa.